Mkeka wa kudansia wa kujitengenezea: ukikosea usikimbilie kulaumu waya

Idi pili, sebuleni kwa dada yangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, watoto wamejaa mpaka mlangoni. Mpwa wangu yuko juu ya mkeka niliomtengenezea mwenyewe kwa plaiwudi na bati, wimbo unaenda, mishale inapanda kwenye skrini, anakanyaga freshi kabisa, afu ikaja ile sehemu ya kuruka unatua mguu mmoja kushoto na mwingine kulia kwa mpigo, gemu ikamwandikia amekosa. Akaruka tena, amekosa. Ya tatu akageuka akaniangalia, "Anko, mkeka wako mbovu." Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito, watoto wa dada yako ni wako hasa, sa kuambiwa hivo mbele ya nusu mtaa sio mchezo.

Mi nikalaumu waya. Usiku ule ule nikafungua mkeka wote, nikakata waya zote nikaunga upya, asubuhi tatizo liko palepale linanichekea. Wiki mbili zilipita ndo nikajua waya hazikuwa na kosa lolote. Ndo maana nimekaa kuandika hii, maana mkeka wenyewe kuutengeneza sio kazi kubwa, kazi ni kwamba makosa yake yana tabia ya kuazimana nguo. Kosa la mbao linakuja likiwa limevaa kama kosa la umeme, kosa la spika linaonekana kosa la mguu, kosa la kompyuta linaonekana la waya, na wewe na bisibisi yako unahangaika na mwenye nguo badala ya aliyezivaa.

Kwa ambaye hajawahi kuona, haya magemu yalipata umaarufu kupitia Dance Dance Revolution ya kampuni ya Konami, Japani, mwaka 1998. Unasimama katikati ya mraba, pembeni yako kuna mishale minne, mbele nyuma kushoto kulia, na kwenye skrini mishale inapanda ikifuata mdundo, ukifika juu na wewe uwe umeukanyaga wa kwako. Wakorea mwaka uliofuata wakaja na Pump It Up, yao ina vibao vitano, vinne vya pembe na kimoja cha kati. Zile mashine kubwa za kuweka shilingi huku kwetu mi sijaziona, ila kuna programu inaitwa StepMania, ya bure kabisa, inakaa kwenye laptop yoyote hata iliyochoka, na unaweza kuiwekea nyimbo na kuchora hatua zake mwenyewe. Mpwa wangu ana ndoto ya kuichorea ngoma ya sindimba, namtakia kila la heri, maana sindimba kazi yote iko kiunoni na kiuno hakina mshale.

Halafu neno moja kabla hatujaendelea, usiende dukani ukasema unatafuta vifaa vya kutengeneza "pedi". Mi nilisema, yule dada wa dukani akanitazama kimya muda mrefu. Sema mkeka.

Sasa ndani ya mkeka kuna nini? Swichi nne, basi. Swichi ya mkeka ni vipande viwili vya chuma ambavyo havigusani, ukikanyaga vinagusana, ukitoa mguu vinaachana. Kitu cha pili ni kidude cha kuiambia kompyuta kwamba vimegusana. Kila kitu kingine ni useremala.

Tuanze na hicho kidude maana ndo kilichonitia aibu Idi pili. Mi nilitumia joipadi ya USB ya bei rahisi, ile ya mtindo wa PlayStation, nikaifungua nikaunga waya kwa risasi ya kulehemu kwenye ule msalaba wa kushoto wenye juu, chini, kushoto, kulia. Si ndo inaeleweka? Mishale minne kwa mishale minne. Kumbe joipadi nyingi za namna hiyo haziipelekei kompyuta habari ya vitufe vinne, zinapeleka habari ya mistari miwili, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Mstari wa kulala una sehemu tatu tu, uko kushoto, uko katikati au uko kulia. Ukibonyeza kushoto na kulia kwa pamoja hauwezi kuwa pande zote mbili, kwaiyo kimoja kinafutwa au vyote vinafutana. Kwenye gemu la mpira hiyo sio shida, nani anakimbia kushoto na kulia kwa wakati mmoja? Kwenye kudansi hiyo ndo hatua yenyewe. Dawa yake ilikuwa kuhamisha waya zile nne kutoka kwenye msalaba kwenda kwenye vitufe vya kulia, vile vya pembetatu na duara na wenzake, kila kimoja kinajitegemea, halafu unaingia kwenye mipangilio ya StepMania unaiambia hiki ni kushoto hiki ni kulia. Dakika ishirini, baada ya wiki mbili za kukata waya zisizo na hatia.

Kama huna joipadi, chukua kibodi mbovu ya USB kwa fundi kompyuta, anayo kiroba kizima. Fungua, toa zile karatasi laini za plastiki zenye michoro, hizo usijaribu kuzichoma zinayeyuka, unachotaka ni kile kibao kidogo cha kijani ambacho karatasi zilikuwa zinakigusa. Kina vidole vingi vilivyopakwa kaboni nyeusi, kwangua hiyo nyeusi taratibu na wembe mpaka uione shaba, hapo risasi inashika. Vile vidole viko makundi mawili, tuseme mistari na nguzo, na kila herufi ya kibodi ni mahali ambapo mstari mmoja unakutana na nguzo moja. Chomeka kwenye laptop, fungua sehemu yoyote ya kuandika, chukua kipande cha waya ugusishe kidole cha kundi hili na cha kundi lile, ikiandika herufi unaiweka kwenye daftari. Inachosha ila ifanye yote.

Hapa sasa ndo watu wengi wanaharibu. Wanachagua herufi nne zozote zilizofanya kazi. Shida ni kwamba kama herufi zako zimekaa kwenye mistari miwili na nguzo mbili, yaani zimefanya umbo la mstatili, ukikanyaga tatu kwa pamoja umeme unapata njia ya kuzunguka na ya nne inatokea yenyewe kama jini, au kibodi inaogopa hilo jini inakataa kupokea ya tatu. Chagua herufi nne zilizoko kwenye mstari MMOJA, nguzo nne tofauti. Hapo jini hana njia ya kupita, na zawadi juu yake ni kwamba ule mstari mmoja unakuwa waya wa pamoja kwa vibao vyote, kwaiyo kutoka kwenye mkeka unatoka na waya tano tu badala ya nane.

Wenye hela kidogo wananunua Arduino, kibao kidogo cha elektroniki unachokiandikia programu mwenyewe. Sawa, ila uwe mwangalifu na aina, Leonardo na Pro Micro zinaweza kujifanya kibodi zenyewe moja kwa moja, ile Uno ambayo ndo imejaa kila mahali haiwezi hivihivi. Na kwenye programu unayoiandikia tenganisha kubonyeza na kuachia, usitumie ile amri inayoandika herufi na kuiachia hapohapo, la sivyo ile mishale mirefu inayokutaka ugande na mguu chini itakuwa inakatika kila mara.

Haya, useremala. Vipimo vya mashine kubwa ni kama sentimita 28 kwa 28 kila kibao, kwaiyo tatu kwa tatu unapata mraba wa sentimita 84. Plaiwudi moja ya futi nne kwa nane, ya milimita 18, inakupa sakafu ya mkeka na vile vibao vitano visivyocheza, cha kati na vya pembe, na bado inabaki ya kutosha kutengenezea wa pili. Vibao vinne vinavyocheza fanya vya milimita 12 ili vikikaa juu ya sponji vifike usawa na wenzao. Vikate pungufu kidogo, nafasi ya milimita mbili kila upande. Hiyo nafasi mi niliiona uzembe wa fundi, nikavibana vikae vizuri kama kabati la bibi harusi, nikajutia mbele ya safari.

Mkeka wangu wa kwanza kabisa haukuwa hata wa mbao, ulikuwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula juu na chini, katikati sponji yenye matundu. Video nyingi zinakuonyesha hivo na siku ya kwanza inafanya kazi vizuri sana. Alumini ina ngozi yake ya kutu isiyoonekana, inajifunga yenyewe ikigusa hewa, na hiyo ngozi haipitishi umeme. Halafu risasi ya kawaida haishiki juu yake kwaiyo waya unaubana na soltepu, halafu waya wenyewe ni wa shaba, na shaba ikikutana na alumini kwenye unyevu wenye chumvi zinaanza kulana. Sisi hapa bahari iko puani. Wiki tatu nikafungua nikakuta unga mweupe. Nenda kwa fundi bati anayetengeneza majiko na mabeseni umuombe vipande, au kata kopo tupu la rangi la lita nne, lile limepakwa madini ya bati kwaiyo risasi inashika bila kubembeleza. Lipige msasa kwanza.

Na usiweke waya kwenye kibao kinachocheza! Hili ningeambiwa mapema ningeokoa mwezi. Kibao kinapanda na kushuka maelfu ya mara, waya wowote ulioungwa hapo utakatikia ndani ya ngozi yake, kwa nje unauona mzima. Fanya hivi, chini kwenye sakafu weka vipande viwili vya bati sambamba vyembamba, vimeachana nusu sentimita, kimoja kinaenda kwenye waya wa pamoja na kingine kwenye waya wa mshale, halafu chini ya kibao bandika kipande kimoja kipana kisicho na waya wowote. Ukikanyaga kile cha juu kinakuwa daraja kati ya vile viwili. Rudia hivo pande zote nne za kibao, uunganishe zote pamoja, kwa sababu mtu akicheza hakanyagi katikati, anagusa ukingo na vidole basi. Hata zile mashine kubwa zina sensa za kuhisi mguu pande nne za kila kibao, sio anasa.

Sasa nafasi, na hapa ndo roho ya mkeka ilipo. Kati ya daraja na vile vipande vya chini kunatakiwa milimita moja na nusu hivi, isizidi mbili. Ikizidi mtoto anapiga mguu kama anaua nyoka na bado haiandiki, ikipungua kibao kinabaki kimeshika hata baada ya mguu kutoka. Kipimo changu ni kadi za benki, moja ina unene wa milimita sifuri nukta saba sita, ziingie mbili pamoja kwa raha, ya tatu igome. Pima pembe zote nne. Sponji ya godoro usitumie, wiki moja imelala chini haiamki. Kilichonifaa ni ndala kuukuu, unachana soli yake kwa kisu kikali vipande vya nusu sentimita unaweka kwenye pembe nne za kibao. Ile mpira ya ndala ina roho ya kurudi, imekanyagwa maisha yake yote imeshazoea.

Wazee wataogopa umeme. Bi mkubwa wetu alikataa watoto wasipande mpaka nilipokaa chini nikamueleza kwamba ni volti 5 za USB na kinachopita kwenye kibao hakifiki hata miliampia moja. Lakini hofu yake haikuwa ya bure kabisa, laptop ikiwa kwenye chaji kuna chaja zinavujisha kidogo, ukigusa chuma na miguu mitupu kwenye sakafu mbichi unahisi vijipini. Kwaiyo hakikisha hakuna bati linalogusa mguu, juu iwe mbao tupu, na ikiwezekana laptop iwe kwenye betri mnapocheza. Kwa huku umeme ukikatika ndo mnagundua faida yake.

Mkeka umekamilika na unakosea. Unaanzia wapi? Usianzie kwenye gemu, ukiwa ndani ya wimbo huwezi kujua kama kosa ni lako au la mkeka. StepMania ina ukurasa wa kujaribu vitufe kwenye mipangilio, fungua huo, unakuonyesha kila kitufe kinachoingia. Halafu chukua kipande cha waya, nenda pale waya za mkeka zinapoingia kwenye kidude, gusisha waya wa pamoja na wa mshale unaosumbua. Umetokea? Basi kuanzia hapo mpaka kwenye skrini kuko salama, mwizi yuko upande wa mguu. Haujatokea? Achana na mkeka, mwizi yuko kwenye kidude au mipangilio. Halafu unahamia kwenye vile vipande viwili chini ya kibao, unavigusisha kwa bisibisi. Umetokea? Waya ni wazima, tatizo ni daraja au nafasi. Unagawa nusu kila mara, hata kibao kikiwa na makosa mawili utayapata. Kwa wenye mita ya kupimia umeme, usitegemee ule mlio peke yake, mlio unakaa kimya kwenye muunganiko wenye uchafu kidogo ilhali Arduino bado inaupokea, na huo uchafu ndo unaoleta ugonjwa wa leo inashika kesho haishiki. Weka kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, usome namba. Ikirukaruka ukitikisa, msasa.

Kibao kinachoandika mara mbili kwa kanyago moja ni daraja linalodunda, chuma kikigusa chuma hakitulii palepale, kinapiga vijirukio ndani ya milisekunde chache. Kwenye Arduino iambie ikipokea mguso iutume hapohapo, halafu izibe masikio kama milisekunde kumi. Usifanye kinyume, kusubiri kwanza ndo utume, utakuwa umejiongezea uchelewaji wa bure.

Na uchelewaji ndo ule mwingine wa kuazimana nguo. Baada ya kupona ule ugonjwa wa kushoto na kulia, mpwa akaanza kulalamika mkeka "unachelewa", anakanyaga na mdundo lakini gemu inamwambia amechelewa kila hatua, kwa kiwango kilekile. Hicho kiwango kilekile ndo kidokezo, waya mbovu haina nidhamu kiasi hicho. Nikageuka nikaitazama sabufa. Tulikuwa tumeiunga kwa bluetooth. Sauti ikipita bluetooth inaweza kuchelewa milisekunde mia moja, mia mbili hata zaidi, na StepMania kwa kawaida alama ya "Perfect" inakupa milisekunde 45 tu kabla au baada ya mdundo. Mtoto alikuwa anacheza na wimbo wa zamani kidogo, yuko sahihi kabisa na masikio yake. Nikachomeka waya wa AUX, kesi ikaisha. Kama huna waya kuna sehemu ya kusogeza mdundo wote mbele au nyuma, au bonyeza F6 mpaka iandike inajirekebisha yenyewe kwa mashine nzima, cheza wimbo unaoujua vizuri.

Ile nafasi ya milimita mbili kwenye mbao? Ilikuja kunidai mvua zilipoanza Desemba. Kibao cha kushoto kikawa kinashika na hakiachii asubuhi, jioni jua likiwaka kinapona. Mita inasema sawa, waya sawa. Mbao ilikuwa imevimba inang'ang'ania ukingoni, haipandi juu yote. Nikaparua kwa msasa pande zote, nikapaka vanishi hadi kwenye kingo zilizokatwa maana huko ndo plaiwudi inakunywa maji zaidi, na tangu hapo kimetulia.

Juzi mpwa kaniita tena, mshale wa mbele haushiki kabisa. Nikafungua ukurasa wa kujaribu, nikagusisha waya kwenye kidude, mshale ukatokea. Nikatoa kibao, nikagusisha vipande vya chini kwa bisibisi, ukatokea. Nikakigeuza kibao, daraja safi linang'aa. Ndo nikainama na tochi ya simu, nikaona pembeni kabisa, imekaa kwa heshima juu ya sakafu ya mkeka, nusu ya korosho ya kukaanga. Nimewauliza watoto wote saba, hakuna aliyekula korosho siku hiyo.